Ngumu au Ilizama?

Baba yangu aliendesha malori kwa zaidi ya miaka ishirini, mara nyingi kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kwetu ni Makambako, kwa hiyo njia yake ilipita karibu na mlango wetu. Likizo za Desemba nilipokuwa shule ya msingi alinichukua mara chache, nikakaa katikati yake na utingo, miguu haifiki chini. Tukiwa tunaelekea Dar, tukishapita Ilula, maongezi yalikoma. Utingo alizima redio bila kuambiwa. Kitonga ilikuwa inakuja.

Ninachokumbuka zaidi ni harufu. Pale kwenye mteremko, kabla hujaona lori lililosimama pembeni likifuka moshi kwenye matairi, unakuwa umeshalinusa. Breki zikiungua zinanuka kama nywele na mpira na chuma kwa pamoja. Baba alishuka polepole mno. Mabasi yalitupita yakitupigia honi, nami nikaona aibu. "Mlima," aliniambia siku moja, macho yakiwa barabarani, "unaushuka kwa gia uliyopandia. Breki ni ya kusimamia, siyo ya kushukia."

Sikutegemea kuikuta harufu ile Ujerumani.

Ninasoma uzamili wa uhandisi mitambo Aachen, mji uliopakana na Ubelgiji na Uholanzi. Ukitoka hapa kwa gari ukaingia milima ya Eifel, baada ya saa moja na kitu unafika Nürburgring. Huko kuna njia ya mashindano iliyojengwa kati ya 1925 na 1927, ambayo sehemu yake ya kaskazini, Nordschleife, ina urefu wa karibu kilomita 21. Inapanda na kushuka msituni, na tofauti ya kimo kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa ni karibu mita 300. Siku ambazo hakuna mashindano wala majaribio ya viwanda vya magari, geti linafunguliwa kwa watu wa kawaida. Unalipia mzunguko mmoja, unaingia na gari lako lenye namba za barabarani, unazunguka, unatoka. Nimeona wazee na Porsche zao, vijana na gari za mama zao, na hata basi dogo lililojaa familia nzima.

Mimi nilikwenda na Suzuki Swift Sport ya mwaka 2012, niliyoinunua kwa akiba ya kazi ya usaidizi maabara. Baba nilimwambia nimenunua gari la kuendea kazini. Haukuwa uongo.

Mzunguko wa kwanza, mwezi Mei, ulikuwa wa furaha tupu. Nikanunua wa pili papo hapo, bila kuliacha gari lipumzike. Kuna kipande, baada ya kona za Metzgesfeld na Kallenhard, ambapo njia inateremka hadi Wehrseifen, kisha inaendelea kushuka mpaka daraja la Breidscheid, sehemu ya chini kabisa ya njia yote. Pale Wehrseifen nilikanyaga breki na pedeli ikaenda chini. Haikugoma, haikuwa nzito. Iliteremka tu kama mguu unavyoingia kwenye tope, ikafika karibu na sakafu, na gari likaendelea na safari zake.

Mkono wangu ulifanya kazi kabla kichwa hakijafika. Nikaingiza gia ya pili, injini ikapiga kelele, gari likapungua. Nikapampu breki mara mbili tatu, pedeli ikarudi kidogo, nikapita ile kona nikiwa nimekula majani ya pembeni kwa tairi moja. Kutoka Breidscheid njia inapanda kwa muda mrefu, na mpando ndio ulioniokoa. Nilipita Bergwerk, karibu na pale Niki Lauda alipoungua mwaka 1976, nikiwa kwenye mwendo wa bajaji, taa za hatari zikiwaka. Nilipofika maegeshoni na kufungua mlango, harufu ya Kitonga ikaingia.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta pedi.

Labda nieleze pedi hufanya nini, maana mimi mwenyewe nilidhani najua. Breki haiondoi mwendo, inaugeuza kuwa joto. Gari langu, pamoja nami na mafuta, lina kilo kama 1,200. Likitoka kilomita 150 kwa saa hadi 70, linatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji kutoka joto la chumbani. Hilo ni birika zima la chai kwa kona moja, na Nordschleife ina kona zaidi ya sabini. Si zote zinazotaka breki kali, lakini zipo za kutosha, na sehemu kubwa ya joto lote hilo inaangukia magurudumu mawili ya mbele.

Pedi ya kawaida imetengenezwa kwa nyuzinyuzi, unga wa madini na chuma kidogo, vyote vikishikanishwa kwa gundi ngumu. Inashika vizuri ikiwa ya baridi, haipigi kelele, haili diski. Ila ikipata joto kupita kiasi, gundi ile inaanza kuungua na msuguano unashuka. Pedi ya mashindano imetengenezwa ili ivumilie joto hilo. Kinachosahaulika ni kwamba nyingi kati ya hizo haziishii kulivumilia joto, zinalihitaji. Kila pedi ina dirisha lake la joto. Chini ya dirisha haishiki sawasawa, juu ya dirisha inachoka.

Ndiyo maana ukiingia dukani hukuti "pedi nzuri". Unakuta familia. EBC wanazitofautisha kwa rangi: kijani, nyekundu, njano, buluu. Ferodo, Pagid na Hawk wana herufi na namba zao. Nyingine zina herufi mbili ukingoni, kama FF au GG: ya kwanza inaeleza msuguano kwenye joto la kawaida, ya pili kwenye joto kali. F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Nililijua hilo. Nilishalifanyia mtihani, nikafaulu.

Nikanunua pedi za mashindano zilizotumika kidogo kutoka kwa jamaa aliyekuwa akiuza gari lake. Maelezo yalisema zinafanya kazi kuanzia nyuzi 200 hadi 650. Nilisoma ile 650 nikaridhika. Ile 200 niliiona, nikaipita. Mgongoni hazikuwa na ile E ndani ya duara, yaani hazikuwa na idhini ya kanuni ya R90, inayotaka pedi mbadala iwe na msuguano usiotofautiana na wa pedi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Hapa Ujerumani, gari likifungwa pedi zisizo na idhini linaweza kupoteza kibali cha kutembea barabarani. Nalo nililijua. Nilijiambia nitazifunga za kawaida wiki ijayo. Wiki ikawa miezi.

Niseme ukweli, nilizipenda. Zilipiga kelele kwenye kila taa za barabarani, mlio mwembamba kama wa treni inayoingia stesheni, na watu waligeuka kutazama. Vumbi lake lilipaka magurudumu rangi ya kutu. Wanafunzi wenzangu waliuliza, "Vipi, breki zako mbovu?" nami nikawajibu kwa majivuno kwamba hapana, ni za mashindano. Nilirudi Nürburgring mara moja Septemba, siku ya baridi na mvua, nikaenda taratibu na pedeli haikuzama. Nikahitimisha kwamba nimetibu ugonjwa.

Januari, asubuhi moja ya barafu nyembamba, nilitoka nyumbani nimechelewa kikao. Mita kama mia nne kutoka ninapokaa kuna zebra, na kabla yake sikuwa nimekanyaga breki hata mara moja. Mzee mmoja alikuwa ameshaanza kuvuka akisukuma baiskeli yenye kikapu. Nilimwona mapema. Mwendo wangu ulikuwa wa kawaida. Nikakanyaga.

Pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe. Gari likapungua kidogo, kama linafikiria. Matairi hayakuteleza, na ningefurahi yangeteleza, maana ningepata wa kumlaumu. Nilikanyaga kwa nguvu zote mpaka nikanyanyuka kitini, na ndipo likashika. Tairi la mbele lilisimama juu ya mstari mweupe wa kwanza. Mzee alisimama kwenye wa tatu. Hakupiga kelele. Aliangalia tairi, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa, akaendelea kusukuma baiskeli yake. Ndani ya kikapu kulikuwa na mikate na gazeti.

Kikao sikwenda. Niliegesha gari, nikakaa ndani yake hadi vioo vikafunga ukungu, kisha nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Huko kwema?"

Nikaanza na mzee wa baiskeli. Lakini hadithi ya mzee haiwezi kueleweka bila pedi, na pedi hazieleweki bila Nürburgring, kwa hiyo nikajikuta naisimulia kinyumenyume mpaka nikafika Wehrseifen. Baba alinyamaza muda mrefu. Nikadhani simu imekatika.

"Hapo mahali," akasema, "wanakulipa?"

"Hapana baba. Nalipa mimi."

"Unalipa wewe. Ushuke mlima."

"Ndiyo, baba."

Sikuwa na la kuongeza. Nilipokuwa darasa la tano, rafiki yake mmoja aliyekuwa akituletea miwa kutoka Kilombero alifia Kitonga. Redio ilisema lori lilifeli breki. Baba alikwenda msibani, akarudi, akalala siku mbili, akaondoka tena kwa sababu kulikuwa na mzigo wa mbolea. Ada zangu zilitoka kwenye mteremko ule. Na mimi, kwa pesa za maabara, nilikuwa nanunua kwa burudani kile alichokuwa akilipwa ili akivumilie.

Nilisubiri maneno makali, ila hayakuja. Aliuliza swali.

"Siku ile ya kwanza. Pedeli ilikuwa ngumu au ilizama?"

"Ilizama."

"Na leo?"

"Leo ilikuwa ngumu, ila gari halikutaka kusimama."

"Basi hayo ni magonjwa mawili, mwanangu. Wewe umenunua dawa ya ugonjwa ambao hukuwa nao, na hiyo dawa ndiyo iliyokuletea ugonjwa."

Kabla ya semi, baba alianza na Canter ya kubeba viazi, na Canter ile ilikuwa na breki za mafuta kama gari langu. Alinieleza kwa lugha ya gereji kitu ambacho nilikuwa nacho kwenye madaftari. Pedeli ikiwa ngumu na gari halisimami, nguvu yako inafika ila pedi haishiki: imeungua, ina grisi, au ni ya baridi mno kwa aina yake. Pedeli ikizama, nguvu yako haifiki kabisa. Mafuta ya breki yamechemka, na mvuke, tofauti na mafuta, unabonyezeka. Unakanyaga hewa.

"Hayo mafuta ulibadilisha lini?" aliuliza.

Sikuwahi kuyabadilisha.

Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, polepole, mwaka hadi mwaka. Mafuta mapya ya DOT 4 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Jumamosi hiyo nilikwenda kwenye gereji ya kukodi, zile ambazo unalipia nafasi kwa saa na kufanya kazi mwenyewe, nikamwomba fundi wa pale anipimie. Alichovya kifaa chake kwenye kikopo cha mafuta, akanionyesha namba: 150 na ushei. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyolala. Pedi zangu za kiwandani, zile nilizozitoa kwa dharau, zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda changu, zikiwa na zaidi ya nusu ya unene wake, na uso wake umeungua kidogo tu.

Nilitoa mafuta yote ya zamani, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka yakatoka safi, nikaweka mapya yenye kiwango cha juu cha kuchemka. Za mashindano nikazifunga kwenye gazeti. Halafu nikakaa chini kuchagua pedi kwa mara ya kwanza kwa kweli, kwa sababu mara iliyotangulia sikuwa nimechagua kitu. Nilikuwa nimetishika tu.

Nikaandika kwenye karatasi gari langu linavyoishi. Kwa mwaka linakwenda Nürburgring labda mara tatu, kwa mizunguko miwili au mitatu kila mara. Hiyo haifiki kilomita 200. Siku zilizobaki linakwenda maabara, sokoni, kumchukua rafiki stesheni usiku. Siku hizo zote breki zinaanza zikiwa baridi, na kukanyaga kwa kwanza ndiko kunakoweza kumkuta mtu mbele. Mara tatu kwa mwaka nataka pedi inayovumilia joto. Kila asubuhi nataka inayoshika bila kuombwa.

Wapo wanaofunga pedi za mashindano wakifika uwanjani na kuzitoa kabla ya kurudi nyumbani. Nililifikiria. Kazi yenyewe ni ya saa moja, na mikono yangu ni mizima. Ila pedi inaacha utando wake mwembamba juu ya diski, na pedi ya aina nyingine ikija juu ya utando huo inaweza kutetemesha usukani mpaka diski izoee upya. Ukitaka kufanya hivyo vizuri unahitaji na diski za pili. Zaidi ya yote, nilikuwa nimeshajiona. Ningechoka siku moja, ningesema nitazibadilisha wiki ijayo.

Nikanunua za daraja la kati, zenye E mgongoni, zinazoshika zikiwa baridi na kustahimili joto zaidi ya za kiwandani, ingawa haziwezi kamwe kufika kule ambako za mashindano zinafika. Maana yake ni kwamba uwanjani mpaka ni mimi. Mzunguko mmoja, kisha pumzika. Kilomita za mwisho uende bila kukanyaga breki ili upepo uzipoze. Ukiegesha usivute breki ya mkono, acha gari kwenye gia. Siku ya kuzifunga nilizizoesha kwenye barabara tupu: kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 30, mara nane, bila kusimama kabisa, kisha mwendo mrefu wa kupooza.

Nilirudi Aprili. Nilizunguka mara moja tu. Pale Wehrseifen niliingiza gia ya pili mapema kabla ya mteremko kuniomba, na magari mawili yakanipita kama mabasi ya Kitonga. Nilikanyaga, na pedeli ilikuwa palepale ilipokuwa getini. Maegeshoni harufu ilikuwepo, ila ndogo, na sehemu yake kubwa ilitoka kwenye magari ya wengine.

Nilimtumia baba ujumbe wa sauti kwamba nimetoka salama. Sikumficha nilikokuwa. Jibu lilikuja jioni, nyuma yake nikimsikia mama akiuliza ni nani.

"Ule mteremko umeushuka na gia gani?"

"Ya pili, baba."

"Haya," alisema. "Na huyo mzee wa baiskeli, ulimwomba radhi?"

Sikuwa nimemwomba. Sijui anakaa wapi, na tangu siku ile sijamwona. Jumatatu nilipita tena kwenye zebra ile, asubuhi, gari likiwa baridi, sijagusa breki tangu nyumbani. Palikuwa na mwanamke na mtoto aliyebeba begi la shule kubwa kuliko mgongo wake. Nilikanyaga mapema kuliko ilivyohitajika. Gari likasimama, mbali na mstari wa kwanza, nikawasubiri wavuke.